Jina Lililo Chini ya Tanzia

Tanzia ya Mzee Thoya ilitoka Jumatatu saa saba za mchana, na haikuwa na kosa hata moja. Jina lake kamili lilikuwapo, mtaa ulikuwapo, msikiti wa kusaliwa ulikuwapo, makaburi ni Shika Adabu, maziko ni kesho saa nne asubuhi. Kasoro zilikuwa mbili tu. Swabra, ambaye ndiye mwandishi wa tanzia zote za tovuti ile, hakuiandika. Na Mzee Thoya mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara, pale pale Bofu, nyuma ya cherehani yake, anakata uzi kwa meno.

Swabra alimwona dirishani. Akatazama kompyuta, akatazama dirisha, kisha akaifuta ile tanzia mbio mbio kabla simu hazijaanza kulia. Alikuwa amechelewa. Wateja walikwisha kumpelekea mzee habari za kifo chake, naye akavuka barabara na utepe wa kupimia shingoni, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Swabra, mwanangu, wanizika na suruali za watu sijazimaliza?"

"Shikamoo mzee wangu. Nisamehe. Wallahi sijui imetokaje."

"Marahaba. Basi andika kwamba nimefufuka."

Akarudi kazini kwake na kicheko chake. Jioni, jua likianza kupoa, mkewe alimsikia akisema "Naam!" kwa sauti ya mtu aliyeitwa na mtu anayemjua. Alimwona akiinuka, akatoka kibandani, akaangalia huku, akaangalia kule, barabarani hapana mtu. Kisha akakaa chini taratibu kwenye mchanga na hakuinuka tena. Alizikwa kesho yake saa nne asubuhi, Shika Adabu, vile vile ilivyoandikwa.

*

Tovuti yenyewe iliitwa Tanzia Likoni, na aliyeianzisha ni mume wa Swabra, Abdulghani. Watu wa Likoni huzika upesi. Mtu aliye kazini Changamwe, au aliye Ghuba huko kutafuta riziki, akichelewa kuambiwa hukuta babake ameshafukiwa. Abdulghani aliliona hilo, akatengeneza mahali ambapo mtu hufungua simu akajua nani amefariki, anasaliwa wapi, anazikwa saa ngapi. Na kwa kuwa wazee wengi hawasomi, alitia na sauti. Ukibonyeza alama ya spika chini ya tanzia, unamsikia mwenyewe, taratibu, na ile sauti yake nzito kidogo: "Assalamu alaikum ndugu zetu wa Likoni. Tuna tanzia." Basi. Hayo tu ndiyo aliyoyarekodi maishani mwake. Yaliyobaki ulisoma au ulisomewa.

Miaka mitatu iliyopita figo zilimchukua. Swabra alikaa eda, na eda ilipokwisha akafanya kama inavyofanywa: akagawa vitu vya marehemu. Kanzu zilikwenda, viatu vilikwenda, saa, mikoba, hata wembe. Mavyaa yake, Bi Mwanasaumu, alisimama mlangoni akihesabu kwa macho, akamuuliza, "Umetoa chote cha mwanangu?"

"Chote, mama," alisema Swabra.

Alisema uongo. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwa na kikapu cha kutiliwa. Akaunti ya Abdulghani ndani ya tovuti ilibaki, na Swabra aliingilia humo humo kila siku, kwa jina la mumewe na kwa nywila ya mumewe, ambayo ilikuwa tarehe ya nikaha yao. Kwa hivyo kila tanzia aliyoiandika kwa mkono wake, chini ilitoka na maneno: Imechapishwa na Abdulghani. Watu walidhani ni heshima. Haikuwa heshima. Ilikuwa ni mwanamke ambaye hakuweza kumzika mumewe mara ya pili, na mimi simlaumu kwa hilo, ingawa kulaumiwa angestahili.

Kulikuwa na jambo jengine. Pembeni mwa kioo, ndani ya tovuti, palikuwa na nambari nyekundu. Mwanzo ilikuwa mbili, ikawa tisa, sasa ilikuwa arubaini na tatu. Kila nambari ni kipande cha programu kinachoomba kusasishwa, kizibwe tundu lake. Lakini siku moja enzi za uhai wake Abdulghani alisasisha, tovuti ikalala siku nzima, na jamaa mmoja wa Mtongwe akakosa kumzika mamake. Abdulghani akabandika karatasi juu ya kioo kwa mwandiko wake: USIBONYEZE. Karatasi ilikuwa bado ipo. Tena kile kiongezo cha sauti, kile kipande kidogo kinachomsemesha marehemu, kilikuwa cha zamani mno. Swabra alikwisha kusoma onyo: ukisasisha tovuti, hakitafanya kazi tena. Sauti itakufa. Sote tunaijua methali ya ufa na ukuta, ila wanaokwenda dukani kununua saruji ni wachache.

Na aliyeipenda sauti ile kuliko wote ni Asmaa. Babake alipofariki alikuwa na miaka minne, sasa ana saba, na hakuikumbuka sura yake. Kila akirudi shule mchana humkimbilia mama kwenye kiti, akabonyeza spika ya tanzia yoyote iliyopo, akamsikiliza baba, halafu ndipo akala. Marehemu wa mtu mwengine yeye alikuwa chamcha chake.

*

Jumanne, baada ya maziko ya Mzee Thoya, Swabra aliifukua ile tanzia kwenye kapu la vilivyofutwa. Alitaka kuona iliandikwa na nani. Chini yake: Imechapishwa na Abdulghani. Akajiambia kwamba labda aliiandika mwenyewe na usingizi, labda alinakili jina kwa makosa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Kisha, bila ya kufikiri sana, akabonyeza spika.

"Assalamu alaikum ndugu zetu wa Likoni. Tuna tanzia." Kimya kidogo. Halafu ile ile sauti, ile ile nzito, ikasema, "Thoya Mwero."

Abdulghani hakuwahi kurekodi jina la mtu yeyote.

Jumatano aliketi mbele ya kompyuta kuanzia saa sita, hakula, macho kwenye kioo. Nje jua lilikuwa kali la kumfanya kuku atafute kivuli, barabara imenyamaza, na ule ndio wakati ambao watu wazima wa pwani huwakataza watoto wasizurure. Bi Mwanasaumu alikwisha kusali adhuhuri na kujilaza chumbani kwake na kisimu chake cha vibonyezo sikioni, kama kawaida yake, akisikiliza kisomo. Saa saba ilipogonga, Swabra alisikia kwanza harufu. Kafuri. Harufu ya maiti aliyekwisha kuoshwa, imejaa chumba kizima, na dirisha li wazi. Halafu, mbele ya macho yake, hajagusa kitu, mikono yake yote miwili imo mapajani, tanzia mpya ikajitokeza juu ya orodha, herufi zote mara moja, na spika ikasema yenyewe: "Assalamu alaikum ndugu zetu wa Likoni. Tuna tanzia. Mwalimu Phineas Mwakio."

Mwalimu Phineas alikuwa amemsomesha Swabra hesabu darasa la sita. Nambari yake alikuwa nayo. Akampigia, na mwalimu akashika upesi, mzima, sauti yake ile ile ya ubaoni.

"Swabra! Habari za siku nyingi?"

"Mwalimu, uko wapi? Uko na nani?"

"Niko nyumbani, peke yangu, natengeneza redio. Kwani kuna nini? Ngoja kidogo, mama, kuna mtu ananiita hapo nje."

"Mwalimu usiitike! Mwalimu, tafadhali, usi—"

"Naam! Nakuja," alisema mwalimu, na Swabra akasikia simu ikiwekwa juu ya meza, akasikia kiti kikisukumwa, akasikia viatu, mlango, kisha kimya kirefu, na baada ya kile kimya akasikia kitu kizito kikianguka mbali na simu, na baada ya hapo akasikia mtu akiichukua simu ile pale mezani na kupumua ndani yake, taratibu, kama anayetaka kusema tanzia.

Swabra alikata simu. Alikaa hapo hapo mpaka Asmaa aliporudi shule na kutaka kubonyeza spika, akamkaripia kwa ukali ambao mtoto hajawahi kuusikia. Mtoto akaenda kulia kwa bibi yake. Ndipo Swabra, kwa woga wa kutaka kujua mwisho wake, akafungua upande wa rasimu, mahali zinapongoja tanzia zilizopangiwa saa ya kutoka. Palikuwa na moja.

Asmaa binti Abdulghani. Miaka saba. Mtaa wa Bofu. Itachapishwa Ijumaa, saa saba za mchana.

Aliifuta. Ikarudi. Akaifuta tena na tena, na kila aliposhusha pumzi ilikuwa pale pale, na mara ya nne ilikuwa imeongezwa mstari mmoja: Babake anamngoja.

*

Bi Mwanasaumu alisikiliza habari yote ameketi kitandani, leso imemfunika kichwa. Swabra alipofika kwenye akaunti, akaangalia chini.

"Jina lake uliliwacha," alisema mama mtu.

"Nililiwacha, mama. Sikuweza."

"Unajua kwa nini twatoa nguo za maiti? Watu hudhani ni sadaka tu. Kanzu ikiwachwa kwenye msumari, atakuja asiye mwenyewe aivae. Jina ni hivyo hivyo. Mwanangu yuko kwa Mola wake, hana haja ya kompyuta. Aitaye watu huyo ni mwengine. Kakuta mlango haukufungwa na jina la watu limetundikwa, kalivaa." Akamgeukia Asmaa aliyekuwa amejificha nyuma ya mgongo wake. "Na wewe, mjukuu wangu, sikiza. Mtu akikuita humuoni, usiitike. Hata akiwa na sauti ya nani. Mpaka umuone uso na mato yake. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Hata sauti ya baba?"

Mtoto alisita. Kusita kule kulimchoma Swabra kuliko yote aliyoyaona tangu Jumatatu. Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye janga lake alikuwa anamlisha mtoto wa miaka saba.

Alhamisi asubuhi alimleta Wairimu, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na kivuko, msichana wa Nyeri aliyekuja Mombasa kwa mwezi mmoja na sasa anamaliza mwaka wa sita. Wairimu alivua viatu mlangoni, akaketi, akafungua, akapiga mluzi.

"Mama Asmaa, hii kitu iko uchi. Arubaini na tatu! Unaona hii kiongezo ya sauti? Iko na shimo, na hiyo shimo inajulikana miaka mbili sasa. Mwenye aliitengeneza aliiacha zamani. Mtu yeyote anaingia hapa, anavaa jina ya mwenye nyumba, anaandika chenye anataka. Na paswadi ni tarehe ya harusi, si hiyo iko kwa picha ukutani?"

"Aliyeingia si mtu, Wairimu."

Wairimu aliisoma ile rasimu. Akaacha kupiga mluzi. "Mimi ni mtu wa Biblia," alisema polepole, "hayo mengine sijui. Lakini mtu ama si mtu, alipita kwa mlango. Na mlango mimi najua kufunga."

Walianza baada ya adhuhuri, kwa sababu Bi Mwanasaumu alisema adui hufukuzwa saa anayokuja, si saa aliyolala. Aliketi sakafuni na chetezo cha ubani, akisoma Ayatul Kursiyyu. Wairimu akayatoa maandishi ya tanzia peke yake na kuyaweka kando, maneno matupu, akakataa kuchukua nakala ya chochote kingine. "Ukiweka nakala ya ugonjwa, umeweka ugonjwa," alisema. Akaing'oa karatasi ya USIBONYEZE, akampa Swabra, na Swabra akaikunja asijue aiweke wapi.

"Sasa hii ya sauti. Inaniuliza kama tuna hakika. Bonyeza wewe, ni ya bwanako."

Swabra akashika kipanya. Akasema Bismillahi. Na kabla kidole hakijashuka, spika ikafunguka.

"Swabra."

Hapakuwa na salamu. Hapakuwa na ndugu zetu wa Likoni. Lilikuwa ni jina lake peke yake, kama Abdulghani alivyolitaja alfajiri akitaka maji ya kutawadha, na miaka mitatu alikuwa hajalisikia hivyo, na harufu ya kafuri ikaupita ubani na kuukandamiza chini.

"Swabra, wanifuta?"

Wairimu alikuwa amesimama, mgongo ukutani, mkono kwenye kijisalaba chake. Bi Mwanasaumu aliinua sauti ya kisomo lakini kisomo kilitetemeka, kwani ni mwanawe yule, au sauti ya mwanawe, inayosema kwamba huku kuna giza, Swabra, na kuna baridi, na hakuna anayelitaja jina langu isipokuwa wewe, na ukilitoa nitakuwa sina pa kukaa, niitike tu mara moja, mke wangu, sema abee, sema mara moja tu nijue wanisikia. Na Swabra aliuma pindo la leso mpaka fizi zikatoa damu, machozi yanamwagika kwenye vibonyezo, neno lenyewe limemjaa kinywani, na kwa kinywa kilichojaa vile akalitazama jina la Asmaa kwenye rasimu, akabonyeza.

Sauti ilikatika katikati ya neno.

Programu ikauliza swali la pili, la kuifuta akaunti: maandishi yote ya mtumiaji huyu apewe nani? Ni mirathi, aliwaza Swabra, hata mashine inajua kwamba maiti hurithiwa. Akajiandika mwenyewe. Tanzia elfu moja na mia tisa zikahama jina kwa pamoja. Halafu Wairimu, jasho likimtiririka, akasasisha kila kitu, na nambari nyekundu ikashuka, arubaini, thelathini, kumi na mbili, tatu, ikatoweka. Akaweka nywila mpya ndefu isiyo ya harusi ya mtu. Rasimu ilikuwa tupu. Ubani ulinukia ubani.

"Kila Alhamisi," alisema Wairimu, "unafungua, unaangalia, unasasisha. Kama kufagia. Usingoje nyumba ijae."

Bi Mwanasaumu alikuwa bado sakafuni. "Umetoa chote cha mwanangu?"

"Chote, mama. Wallahi."

Mama mtu akaitikia kwa kichwa, akageuza uso, mkono wake ukaenda kwenye fundo la leso kiunoni na kulishika. Swabra alidhani anatafuta pindo la kujifutia machozi.

*

Ijumaa Asmaa hakupelekwa shule. Walikaa wote watatu chumba cha mbele, mlango umefungwa. Swabra alikuwa mezani, tovuti wazi mbele yake. Asmaa alikuwa kwenye mkeka upande wa pili, karibu na mlango wa chumba cha bibi yake, anachora, na bibi yake yuko kando yake na tasbihi. Msikitini khutba ilikuwa inasikika. Saa saba kasoro tano. Kasoro mbili. Swabra alifungua upya ukurasa kila alipovuta pumzi.

Saa saba. Hapakutoka kitu. Saa saba na dakika moja, mbili, tatu. Orodha ilikuwa vile vile, safi, tanzia ya mwisho ni ya juzi. Swabra aliona kicheko kinampanda pamoja na kilio, akajishika mdomo, akataka kusema alhamdulillahi.

Na hapo, nyuma ya mlango wa chumba cha bibi, juu ya kitanda, kwenye kisimu cha vibonyezo kilichotolewa kwenye fundo la leso na kuwachwa chini ya mto, sauti ikasema: "Assalamu alaikum ndugu zetu wa Likoni. Tuna tanzia."

Bi Mwanasaumu alifumba macho. Yeye ndiye aliyetiliwa sauti ile na mwanawe mwenyewe, kwenye kadi ya simu, mwaka ilipoanza tovuti, kwa kuwa hakujua kusoma. Miaka mitatu, kila mchana baada ya sala, hakuwa akisikiliza kisomo.

"Asmaa binti Abdulghani," ilisema sauti. Kisha ikashuka, ikawa si ya tanzia tena, ikawa ya baba aliyerudi kazini na kitu mfukoni. "Asmaa. Mwanangu. Ndoo kwa baba."

Penseli ilimtoka mtoto mkononi. Uso wake ulifunguka wote kwa furaha, na Swabra aliuona mdomo ule ukifunguka nao, akaruka kutoka mezani, kiti kikaanguka, meza ikamzuia, chumba ambacho ni hatua nne kikawa kirefu kisichokwisha, na aliona kabisa kwamba hatafika, kwamba neno limekwisha kupanda kooni mwa mtoto na yeye hatafika.

Mkono wa bibi ukauziba mdomo wa mjukuu.

"Abee, baba," alisema Bi Mwanasaumu. "Abee. Ni mimi mamako. Naja."

Chumbani palinyamaza. Harufu ya kafuri ilipita katikati yao mara moja na kutoka. Bi Mwanasaumu aliuondoa mkono wake kwenye mdomo wa Asmaa, akambusu utosini, akamtazama Swabra.

"Nikakuuliza wewe kama umetoa chote," alisema. "Na mimi yangu n'liyafunga kiunoni. Nisamehe, mwanangu."

"Mama, usiseme hivyo. Mama, nimwite Wairimu, nimwite daktari—"

"Nilaze tu. Miguu yapoa."

Alifariki kabla ya alasiri, kalima mdomoni, kichwa chake kwenye paja la mkaza mwanawe.

Wairimu alikuja kulia pamoja nao, kisha akakichukua kile kisimu ili akaiharibu kadi. Alirudi jioni nayo kwenye kiganja. Alikuwa ameijaribu kwanza, alisema, kwa mashine mbili. Kadi haikuwa na sauti wala kitu chochote. Ilikuwa tupu, na haijawahi kutiwa kitu. Wakaivunja kwa nyundo hivyo hivyo.

Na Swabra, na kanga ya msiba kichwani, ilibidi aketi kwenye kompyuta, maana watu wa Bi Mwanasaumu walikuwa wametapakaa mpaka Ghuba na maziko ni asubuhi. Aliangalia kwanza pembeni mwa kioo. Hapakuwa na nambari nyekundu. Akaandika: Mwanasaumu binti Shee, wa Bofu. Akaandika msikiti, akaandika saa nne. Alipobonyeza, aliinamisha kichwa kusikiliza, kwa mazoea ya miaka mitatu, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa wanawake wanaosoma chumba cha pili. Chini ya tanzia palikuwa na maneno mapya: Imechapishwa na Swabra.

Vitu vya marehemu viligawiwa vyote. Kila Alhamisi tovuti husasishwa, tangu siku ile haijakosa hata moja. Asmaa ana afya, anakwenda shule, anacheka na wenzake. Ila ukimwita haitiki. Mwite sokoni, mwite hata mmo chumba kimoja, hatasema abee mpaka aje asimame mbele yako na kukutazama machoni. Walimu walilalamika mwanzo, sasa wamezoea.

Lakini kuna siku, jua limekaa utosini na barabara imenyamaza, Asmaa huja mbio kutoka uani, akasimama mbele ya mamake na kumwangalia usoni kwa makini, anangoja. Na Swabra huwa hajamwita.